Shajara ya mradi: kihisi kimoja kinachosoma ombwe na presha kwenye bomba la kunyonyea la pampu

8 Machi 2025: lengo, mahali na kihisi cha kwanza

Pampu ni ya nje ya maji, kilowati 0.75, iko Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Inanyonya kwenye tangi la chini ya ardhi ambalo maji yake husimama mita 1.8 hadi 2.5 chini ya pampu, kisha inapandisha kwenye tangi la mnarani. Mdomo wa bomba la kupandishia uko mita 8 juu ya pampu. Bomba la kunyonyea ni la inchi 1, na mwisho wake kuna futi valvu yenye chujio. Hakuna valvu nyingine ya kuzuia maji kurudi, na hilo ndilo litakalotusumbua mbele.

Tunataka kihisi kimoja mdomoni mwa pampu kitofautishe hali nne: pampu inavuta kawaida, inavuta hewa, chujio limeziba, na (ikiwa imezimwa) futi valvu inashika maji au inavuja. Geji ya mshale yenye ombwe kushoto na presha kulia ingeonyesha yote hayo kwa mtu aliyesimama mbele yake. Hapa hakuna wa kusimama.

Kabla ya kununua chochote: kihisi cha geji hakipimi presha ya bomba peke yake. Kinapima tofauti kati ya presha ya bomba na presha ya hewa iliyo mgongoni mwa kiwambo chake, yaani utando unaopindwa na presha. Sifuri yake ni hewa ya pale kilipo. Kwa Arusha hewa hiyo ni kPa (kilopaskali) 85.6 hivi, wakati Dar es Salaam ni karibu kPa 101. Kwa hiyo hapa hata pampu bora ya ombwe duniani haiwezi kuvuta chini ya kPa −85.6 kwa kipimo cha geji. Ukiona kifaa Arusha kinasoma kPa −95, usiisifu pampu, kague kifaa. Kihisi cha aina ya pili, kinachopima kuanzia ombwe tupu, hakina tatizo hilo, lakini kinakulazimisha kujua hewa ya siku hiyo ili upate unachokitafuta.

Kwa majaribio ya mezani tumechukua MPXV7025DP ya NXP. Inapima kPa −25 hadi +25, inatumia volti 5, na ina vinyonyo viwili: P1 ni upande wa presha, P2 ndio mgongo. Presha ikiwa sifuri inatoa volti 2.5, na kila kPa 1 inaongeza au kupunguza milivolti 90. Sifuri iko katikati ya kipimo, na ndiyo maana kihisi hiki kinaona pande zote mbili. Vile vinavyoanzia volti 0.2 au 0.5 kwa presha sifuri, ukivivutia ombwe hushuka kidogo tu kisha hugota.

Vifaa vingine: bodi ya ESP32, ambayo ndiyo kompyuta ndogo ya mradi, na moduli ya ADS1115, ADC (kigeuzi cha volti kuwa namba) ya nje. ADC ya ndani ya ESP32 tumeiacha. Chini, karibu na volti 0.1, haioni kitu, na inapokaribia volti 3 inajikunja.

15 Machi 2025: mezani, na sifuri isiyotulia

Waya ni tatu tu: volti 5, GND (upande wa volti sifuri) na mawimbi (volti inayobeba usomaji). Karibu kabisa na kihisi, kati ya volti 5 na GND, weka kapasita ya mikrofaradi 1 na nyingine ya 0.01; kwenye mawimbi, pikofaradi 470 kwenda GND. Hivyo ndivyo mtengenezaji anavyoagiza, na ukiziacha namba zinarukaruka.

ADS1115 tumeipa volti 3.3, si 5. Ukiipa 5, risista zilizo kwenye moduli zinavuta waya za mawasiliano, SDA na SCL, hadi volti 5, na pini za ESP32 hazikuumbwa kwa hiyo. Lakini sasa mawimbi ya volti 4.75 hayaruhusiwi kuingia, kwa hiyo yanapita kwenye kigawa volti: risista ya kilo-ohmu 10 kutoka kwenye kihisi, kisha 20 kwenda GND. Kinachofika ni theluthi mbili. Kipimo cha ADS1115 kimewekwa volti 4.096, hatua moja ikiwa milivolti 0.125.

Kipimo cha kulinganishia ni mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, umejazwa maji nusu na kufungwa kwenye ngazi. Urefu unaohesabika ni tofauti ya nyuso mbili za maji. Unene wa mpira hauna kazi hapa. Mita 1 ya maji kwa Arusha ni kPa 9.76. Ukipandisha mdomo wazi mita 2 juu ya uso wa upande wa kihisi unapata kPa +19.5, ukiushusha mita 2 chini yake, kPa −19.5. Usitumie bomba la sindano kujaribia. Ukibana mililita 20 za hewa hadi 5 umefika kPa 250 hivi, zaidi ya mara kumi ya kipimo cha kihisi hiki.

Matokeo ya kwanza, programu ikitumia (V − 2.5) / 0.09:

maji +19.5 yalisomwa +16.9
hewa wazi ilisomwa −1.6
maji −19.5 yalisomwa −20.0

Tazama mstari wa mwisho. Anayejaribu ombwe peke yake angeridhika na kufunga kazi. Chanzo: matokeo ya MPXV7025 ni sehemu ya volti inayopewa, hayana thamani ya kudumu. Waya wa USB ulikuwa mwembamba na mrefu, na kwenye pini ya kihisi multimita ilisoma volti 4.72. Sifuri ikahama kutoka 2.5 hadi 2.36. Upande wa ombwe volti zenyewe ni ndogo, kwa hiyo hata zikipungua kwa asilimia ileile, pungufu lake ni dogo. Upande wa presha kosa linaonekana waziwazi. Tena Wi-Fi ya ESP32 inapotuma, volti 5 inazama kwa muda mfupi na namba zinaruka nayo. Kila volti 0.1 inayopotea inasogeza sifuri kwa zaidi kidogo ya nusu kPa.

Tiba si kununua waya mnene tu. Pima na volti inayopewa kihisi, kwenye mlango wa pili wa ADS1115, kupitia kigawa volti kingine cha 10 na 20:

P = (V / Vs − 0.5) / 0.018

Tahadhari moja. Risista za asilimia 1 hazifanani kabisa, na vigawa volti viwili vinaweza kutofautiana vya kutosha kuharibu sifuri. Unganisha milango yote miwili kwenye volti 5, soma, andika uwiano wake, uuweke kwenye programu kama namba ya kudumu. Baada ya hapo ngazi ilitoa +19.3, −0.2 na −19.7. Kihisi chenyewe kinaruhusiwa kukosea hadi asilimia 5 ya kipimo chote, kwa hiyo hayo ni matokeo mazuri.

22 Machi 2025: sanduku lisilopumua

Vyote vimeingizwa kwenye sanduku la plastiki lisilopitisha maji, matundu ya waya yakazibwa kwa silikoni. P1 imetoka nje kwa mpira. P2 imebaki wazi ndani ya sanduku. Asubuhi sifuri ilikuwa sifuri. Saa nane mchana, jua likiwa juu ya sanduku na pampu imezimwa na mpira uko wazi, usomaji ulikuwa kPa −7.

Hakuna kilichoharibika hapo, ni hesabu tu. Hewa iliyofungiwa ndani ilipanda kutoka nyuzijoto 22 hadi 47. Presha yake ikapanda kwa sehemu 25 za 295, yaani kPa 7 na ushei juu ya 85.6. Mgongo wa kiwambo ukasukumwa, nacho kikatangaza ombwe. Kadiri sanduku linavyozibwa vizuri ndivyo kosa linavyokuwa kubwa.

Tiba: tundu la milimita 3 upande wa chini wa sanduku, likiwa na kipande kifupi cha mpira kinachoelekea chini, mdomo wake umefungwa wavu laini. Wavu usiusahau, nyigu wa udongo hupenda sana tundu la ukubwa huo, na tundu lililojengewa ni sawa na tundu ambalo halikutobolewa. Vihisi vya viwandani vya aina ya geji vina pumzi hiyo pia, ama kitundu kando ya plagi au kijibomba chembamba ndani ya waya wenyewe. Waya wa namna hiyo ukiukata na kuuzamisha kwenye gundi umeziba sifuri yako.

5 Aprili 2025: mpira wa hewa kwenye pampu, imeshindikana

MPXV7025 ni ya hewa kavu. Maji yakiigusa huishi muda mfupi. Njia inayopendekezwa mara nyingi ni kuacha hewa ndani ya mpira kati ya bomba na kihisi, iwe mto: maji yanasukuma hewa, hewa inasukuma kihisi. Tumeijaribu kwa mpira wa mita 1 uliosimama wima juu ya bomba la kunyonyea.

Pampu ikiwashwa ilifanya kazi. Usomaji ulikuwa karibu kPa −25, ukingoni kabisa mwa kipimo. Ilipozimwa, usomaji ulipiga +25 na kugota hapo.

Sababu ni ile futi valvu iliyo peke yake. Pampu ikisimama, maji yote ya bomba la kupandishia yanakaa juu yake, yakipita ndani ya pampu yenyewe. Mita 8 mara 9.76 ni kPa 78. Kwa hiyo upande unaoitwa wa kunyonyea, muda mwingi wa siku una presha, tena kubwa kuliko ombwe lake.

Na mto wa hewa? Pampu ikivuta, hewa ya mpirani ina presha kamili (kuanzia ombwe tupu) ya takriban kPa 61. Ikizimwa inabanwa hadi 164. Hewa iliyojaza mita 1 inabaki na sentimita 37 tu, na maji yanapanda sentimita 63 zilizobaki. Pampu ikiwaka yanashuka, ikizimwa yanapanda, na kila mzunguko hewa kidogo inayeyuka ndani ya maji na kwenda zake. Ni suala la muda tu maji kufika kwenye kihisi. Kurefusha mpira kunaahirisha, hakutibu. Njia hii inafaa pale presha inapobadilika kwa sehemu ndogo tu, kama kupima kina cha tangi la wazi. Kwa bomba linalotoka ombweni kwenda presha ya kPa 78, acha.

12 Aprili 2025: kihisi cha pili, mA 4 hadi 20

Kinachohitajika ni kihisi cha chuma cha pua kinachoguswa na maji moja kwa moja. Kipimo tumechagua bar −1 hadi +5 (bar 1 ni kPa 100). Kuna vya −1 hadi +1 kwa bei ileile, na mtu anayefikiria ombwe peke yake atavikimbilia kwa kuwa vinasoma kwa undani zaidi. Presha ya kutulia ya kPa 78 ingekaa ndani yake kwa shida, lakini pigo la maji lisingekaa. Maji yanayorudi nyuma hugongwa futi valvu inapojifunga. Kila mita 1 kwa sekunde inayosimamishwa ghafla inaleta bar 13 hivi kwenye bomba la chuma, na karibu bar 4 kwenye PVC. Maji ya hapa hayarudi kwa kasi hiyo, lakini hata robo yake tu ikijumlishwa na 78 inavuka bar 1.

Mawimbi ya mkondo wa mA (miliampea) 4 hadi 20 yamechaguliwa kwa sababu pampu iko mita 12 kutoka kwenye sanduku, na waya utapita karibu na waya wa umeme wa pampu. Volti hupungua njiani na kuokota kelele. Mkondo unaotoka ndio unaofika.

Waya mbili: volti +24 kwenda waya mwekundu wa kihisi, waya mweusi unarudi kupitia risista ya ohmu 150 hadi GND, na GND hiyo ni moja na ya ESP32. ADS1115 inasoma juu ya risista. mA 4 ni volti 0.6, mA 20 ni volti 3.0, kigawa volti hakihitajiki tena. Risista iwe ya asilimia 0.1, au ipime kwa multimita nzuri na utumie thamani halisi. Yetu ni 149.2.

Usijaribu kubana matumizi kwa kutumia volti 12. Kihisi kinahitaji chake, mara nyingi volti 10 na zaidi, na risista inakula 3 mkondo ukifika kilele. Kitasoma vizuri chini na kugota juu, na utadhani kimeharibika.

P (kPa) = (I − 4) / 16 × 600 − 100

Sifuri ni mA 6.67. Chini ya 3.6 waya umekatika. Juu ya 21 kuna shoti. Hili ndilo jambo tunalolipenda kwenye mA 4 hadi 20: waya uliokatwa na panya haufanani na presha yoyote.

19 Aprili 2025: mA 6.25 hewani

Kihisi kimewashwa mezani, mdomo wazi, kikasoma mA 6.25 badala ya 6.67. Kwa hesabu ni kPa −15.6.

Usahihi ulioandikwa ni asilimia 0.5 ya kipimo chote, yaani kPa 3 kwa huku na huku. Kosa la 15.6 ni mara tano yake. Kabla ya kukirudisha dukani, linganisha namba: 101.3 toa 85.6 ni 15.7, karibu ileile. Mgongo wa kiwambo umefungiwa hewa ya usawa wa bahari kiwandani. Kinauzwa kwa jina la geji, lakini ni geji iliyozibwa, na kitundu cha kupumua hakipo popote mwilini mwake. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akinunua hichohicho kitamsomea sifuri safi na hatajua kamwe.

Je, kinafaa? Kwa kazi hii, ndiyo. Hewa ya Arusha haibadiliki sana. Karibu na ikweta hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kilele saa nne asubuhi na saa nne usiku, kwa takriban kPa 0.3. Hilo ni kosa dogo kuliko usahihi wa kihisi chenyewe. Kwa hiyo tumeongeza 15.7 kwenye programu na kuandika kwa wino usiofutika juu ya kihisi: SIFURI YA ARUSHA. Faida ya ziada ni kwamba kilivyozibwa hakina tundu la kuingiza unyevu. Lakini anayepima ombwe dogo, la kPa 1 au 2, asikiguse.

26 Aprili 2025: nyuzi, na hewa isiyoonekana

Kihisi kina uzi wa G1/4, yaani BSP ulionyooka. Mabomba ya huku ni ya BSP, kwa hiyo vinaelewana. Anayeagiza mtandaoni aangalie: 1/4 NPT, uzi wa Kimarekani, ina nyuzi 18 kwa inchi, BSP ina 19. NPT itaingia mizunguko miwili mitatu kwenye soketi ya BSP, itakaza kama imekubali, na itavuja.

Uzi wa G haubani kwa tepu. Umenyooka, na kinachoziba ni washa chini ya mabega ya kihisi. Mara ya kwanza kilifungwa kwa tepu nyeupe nyingi bila washa. Pampu ikiwa imewashwa hakuna tone hata moja lililoonekana, kwa kuwa uvujaji wa upande wa kunyonya hautoi maji, unaingiza hewa. Dalili zilikuwa nyingine: usomaji ulitetemeka kati ya kPa −15 na −26, na pampu ilitoa sauti ya changarawe. Povu zito la sabuni likipakwa kwenye kiungo linavutwa ndani. Njia rahisi zaidi ni kuzima pampu na kusubiri. Presha ya kPa 78 ikirudi, palepale panaanza kutokwa jasho. Washa ya shaba iliyochomwa moto ili iwe laini ilimaliza tatizo.

Mahali pa kutoboa: ubavuni mwa bomba. Juu hukaa hewa, chini hukaa tope. Tii ya inchi 1, bushi ya kupunguza hadi robo, koki ndogo, kisha kihisi. Koki si anasa: ndiyo inayokuwezesha kufungua kihisi na kupima sifuri bila kumwaga maji ya mnara mzima.

Baada ya hapo: pampu imewashwa, kPa −26 (19.5 ni kimo cha maji, zinazobaki ni msuguano wa bomba, kiwiko na futi valvu). Imezimwa, kPa +78.

3 Mei 2025: zena iliyokula kilele

Shoti ndani ya kihisi ingeleta volti 24 kwenye ADS1115. Kwa hiyo kuna fyuzi ya mA 63 kwenye waya wa +24, na ulinzi mlangoni mwa ADC: risista ya kilo-ohmu 2.2 kisha dayodi ya zena ya volti 3.3 kwenda GND, ambayo hutakiwa kumwaga volti zinazozidi 3.3. Mchoro huo umeenea sana na una kasoro. Zena za volti ndogo hazina ukingo mkali. Zinaanza kupitisha mkondo mapema, na mkondo huo ukipita kwenye risista ya 2.2 unakula volti za kipimo. Kuanzia volti 2 hivi usomaji ulianza kulala. mA 20 haikufikia 3.0 hata kidogo. Kwenye presha zetu za kila siku, volti 0.8 hadi 1.2, kosa lilikuwa dogo mno kuonekana. Lingefichwa hadi siku ya pigo kubwa la maji.

Zena imetolewa. Mahali pake pana dayodi ya BAT85 kutoka mlango wa ADC kwenda volti 3.3. Volti 24 zikija, mkondo kupitia 2.2 haufiki mA 10, na fyuzi ndiyo inayomaliza kazi.

Kelele za pampu: waya wa nyuzi mbili wenye wavu wa kinga, wavu umefungwa GND upande wa sanduku tu. Mikrofaradi 10 juu ya risista ya 150. Programu inachukua usomaji kila sekunde 0.1, inapanga tano na kuchagua wa katikati. Inatosha.

17 Mei 2025: mipaka na kuzima pampu

Rilei ya moduli haiendeshi pampu yenyewe. Mota ya kilowati 0.75 inapoanza huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida, na vidole vya rilei ya ampea 10 hugandana, basi kinga yako inakuwa swichi isiyozimika. Rilei inaendesha koili ya kontakta, swichi kubwa ya sumaku. Kontakta ndiyo inayokata pampu.

Ombwe la juu kabisa linaloruhusiwa halikuchaguliwa kwa kukisia. Pampu hii inahitaji mita 3 za kimo halisi cha kunyonyea (NPSH), yaani presha inayobaki mdomoni mwake juu ya presha ya mvuke, kwa mita za maji. Maji ya nyuzijoto 25 yana presha ya mvuke ya kPa 3.2. Ukiwa na kPa −50, zinabaki 85.6 − 50 − 3.2 = 32.4, yaani mita 3.3. Zaidi ya hapo maji yanaanza kuchemka ndani ya pampu kwa ubaridi wake, na panka linaliwa. Dar es Salaam mpaka huohuo ungekuwa karibu kPa −65. Usinakili namba yetu bila kurudia hesabu kwa mwinuko wako.

Chini ya −50 kwa sekunde 5: chujio limeziba, zima.
Juu ya −8 kwa sekunde 8, pampu ikiwa imewashwa: inavuta hewa, zima.
Sekunde 20 za kwanza baada ya kuwasha, kanuni ya hewa haihesabiwi.
Pampu imezimwa na presha inashuka zaidi ya kPa 10 kwa saa: tuma ujumbe, futi valvu inavuja.
Chini ya mA 3.6 au juu ya 21: zima.

Toleo la kwanza liliruhusu pampu ijiwashe tena baada ya dakika 10. Tangi la chini likiwa tupu, pampu ilizunguka kavu sekunde 28 kila baada ya dakika 10, usiku kucha. Sasa ikizimwa kwa hewa inabaki imezimwa hadi mtu abonyeze kitufe.

14 Juni 2025: baada ya masika

Mvua ziliingiza tope kwenye tangi la chini. Ili kulainisha mapigo, kati ya koki na kihisi kulikuwa na plagi ya shaba yenye tundu la milimita 1. Tundu lilijaa udongo laini na usomaji ukawa mzito: pampu ilizimwa na kihisi kikachukua karibu dakika nzima kupanda hadi +78. Kwa kanuni ya sekunde 8 hiyo ni hatari, kwani hewa ingegunduliwa ikiwa imechelewa. Plagi imetolewa. Koki imeachwa wazi robo tu, ambayo inatuliza mapigo vya kutosha, na kila mwezi inafunguliwa yote mara moja pampu ikiwa imezimwa ili ijisukutue.

Sifuri imepimwa upya kwa kufunga koki na kulegeza kihisi: mA 6.24. Haijasogea kwa kiasi cha kuhesabika. Kanuni ya futi valvu imeshajilipa: presha ilianza kushuka kPa 15 kwa saa, na chini ya ulimi wa valvu pakakutwa kipande cha jani.

Gharama kwa shilingi za Tanzania: MPXV7025DP 48,000, ESP32 28,000, ADS1115 14,000, kihisi cha bar −1 hadi 5 115,000, pawasaplai ya volti 24 22,000, kontakta 45,000, sanduku 18,000, tii na koki na bushi na washa 26,000, waya mita 12 30,000, risista, dayodi, fyuzi na kapasita 9,000. Jumla 355,000. Anayeanza leo aruke MPXV7025 na mpira wa hewa, atabaki na 307,000. Akiweza kupata kihisi chenye kitundu cha kupumua kwa nyongeza ndogo ya bei, akichukue hicho.

Usahihi wa kPa 3 ni sawa na sentimita 30 za maji, kwa hiyo kina cha tangi la chini hatukisomi kwa kihisi hiki. Kwa kazi hiyo patawekwa kihisi kingine cha kuzamisha, na kijibomba chake cha hewa kitaletwa hadi ndani ya sanduku lenye tundu.